Ufaransa ipi hiyo?

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu, na shikamoo. Nasoma sosholojia mwaka wa pili. Mhadhiri wetu anasema Ulaya iliingia usasa kwa kutenga dini na serikali, mfano Ufaransa, na kwamba Uislamu kwa asili yake hauwezi. Nilinyoosha mkono, nikakosa la kusema. Ningejibu nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Ungemuuliza: Ufaransa ipi?

Niliwahi kukaa Strasbourg, mji wa jimbo la Alsace mashariki mwa Ufaransa, miaka miwili. Ijumaa Kuu ya kwanza nilitoka kutafuta mkate, nikakuta maduka yote yamefungwa, barabara nyeupe kama saa ya kufuturu. Nikampigia rafiki yangu aliye Paris. Yuko kazini, ananishangaa! Kwao ile ni Ijumaa tu.

Sheria ya kutenga dini na serikali ilipitishwa Desemba 1905, na wakati huo Alsace ilikuwa mikononi mwa Ujerumani. Iliporudi Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaachiwa utaratibu wake wa tangu enzi za Napoleon. Mpaka leo padri, mchungaji na rabi wa huko wanapokea mshahara wa serikali, na somo la dini lipo katika shule za umma. Imamu hayumo.

Sasa vuka bahari uende Algeria ya ukoloni wa Kifaransa. Pale watawala hawakuiachia misikiti. Waliendelea kuwalipa maimamu na kuchagua nani apande mimbari. Na waliodai dini itengwe na serikali ni akina nani? Masheikh wenyewe! Jumuiya ya Maulamaa, iliyoanzishwa 1931 chini ya Abdelhamid Ben Badis, ilitaka sheria ileile ya Paris itumike na kwao. Hapo ndipo ningekaa kama ningekuwa wewe, maana wanaoandika kuhusu "asili" ya Uislamu huipita Algeria mbio.

Sisemi kwetu hakuna tatizo. Ukitaja Iran atakushika, na atakuwa na haki.

Akikwambia Alsace ni kipande kidogo, mpeleke Uingereza: mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana, na maaskofu 26 wana viti katika baraza la juu la bunge. Ila usimwambie mbele ya darasa. Mfuate ofisini, ubishe hodi.