Rufaa Uingereza: siku 28 zinaanza lini, na majaji wanaangalia nini

Mkuu, umesema shemeji yako ametiwa hatiani na juri (raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) katika Mahakama ya Crown, ile ya kesi nzito za jinai, wiki mbili zilizopita, adhabu imeahirishwa hadi mwezi ujao, na familia imeamua kungoja adhabu isomwe ndipo mkate rufaa. Tafadhali msingoje. Siku 28 za kupinga kutiwa hatiani zinahesabiwa tangu siku juri ilipotamka. Rufaa ya adhabu ina siku zake 28 nyingine, na hizo ndizo zitakazoanza adhabu ikitolewa. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye mahakama za England kwa miaka mingi, na nimeona familia zetu zikipoteza muda hapo hapo. Muda unaweza kuongezwa, ila mtatakiwa kueleza kwa nini mmechelewa, na "tulikuwa tunasubiri adhabu" si sababu.

La pili ni zito zaidi. Umeandika kwamba majaji wa rufaa "wataupitia ushahidi upya na kuona yule shahidi ni mwongo". Tumelizoea hilo nyumbani. Tanzania na Kenya, mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Tena hakimu ameandika hukumu yenye sababu, wakili anaisoma mstari kwa mstari akitafuta kosa. Huku, baada ya juri, hukumu ya namna hiyo haipo. Mimi hukaa na mshtakiwa ndani ya kizimba cha vioo, namnong'oneza tafsiri. Raia 12 wanarudi, msemaji wao anasimama, karani anauliza kama wamefikia uamuzi wanaokubaliana wote, linatoka neno moja au mawili, basi. Mshtakiwa hunigeukia akiuliza, "Wamesema kwa nini?" Hawasemi, na hawatasema kamwe. Wakishindwa kukubaliana kwa muda mrefu, jaji anaweza kupokea uamuzi wa 10 kwa 2, na huo nao hauna maelezo.

Kwa hiyo nakuomba umzuie dada yako. Umesema amemwona mmoja wa wanajuri Facebook na anataka kumuuliza walijadili nini. Kuuliza tu ni kosa la jinai, anaweza kufungwa yeye.

Mahakama ya Rufaa inajiuliza jambo moja: je, uamuzi huu ni salama? Inatazama kama jaji aliielekeza juri vibaya kisheria, kama aliruhusu ushahidi usiostahili au alizuia uliostahili, kama kuna mwanajuri aliyekiuka taratibu, au kama umepatikana ushahidi mpya na kuna maelezo ya kuridhisha kwa nini haukutolewa mwanzoni. Hoja ya "shahidi alikuwa mmoja" peke yake haifiki mbali, maana shahidi mmoja akiaminiwa anatosha. Na uamuzi ukitenguliwa, kesi inaweza kuamriwa ianze upya mbele ya juri nyingine.

Yule mdau aliyesema kwenye mjadala huu kwamba jirani yake "alisikilizwa upya kabisa" hakudanganya. Huyo alihukumiwa na mahakimu wa chini, ambako kesi zote za jinai huanzia na nyingi huishia. Rufaa ya kutoka kule inakwenda Crown bila kuomba ruhusa, na mashahidi wanaitwa tena. Njia ya shemeji yako ni nyingine: lazima apate ruhusa kwanza. Jaji mmoja anasoma makaratasi peke yake. Akikataa, mnaweza kuomba tena mbele ya jopo la majaji, ila kama hoja hazina mashiko wanaweza kuamuru sehemu ya muda aliokwisha kukaa gerezani isihesabiwe. Wafungwa wengi hawaambiwi hili mapema, na linauma sana.

Njia zote zikifungwa ipo Tume ya Kupitia Kesi za Jinai, iliyoanza kazi 1997 baada ya kashfa kama ile ya Birmingham Six, watu sita waliofungwa kimakosa kwa milipuko ya mabomu. Haitozi ada wala haina ukomo wa siku, lakini kwa kawaida inataka uwe umejaribu rufaa kwanza. Andrew Malkinson alitiwa hatiani 2004 kwa ubakaji ambao hakuufanya, akakaa gerezani miaka 17, Tume ikamkatalia mara mbili kabla ya kuirudisha kesi yake, na uamuzi ukatenguliwa Julai 2023 kwa sababu ya DNA. Sitaki shemeji yako afike huko.

Leo hii mwandikieni wakili aliyemtetea mkiomba ushauri wa maandishi juu ya rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Kama alitetewa kwa msaada wa kisheria wa serikali, ushauri huo umo ndani ya malipo yale yale. Mkumbusheni tarehe ambayo juri ilitamka. Na kama Kiingereza cha shemeji yako ni cha kubabaisha, dai mkalimani kwenye kikao hicho na wakili, asitafsiriwe na mfungwa mwenzake.