Usimwekee Mto Chini ya Goti

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata na nimeusikiliza hadi mwisho. Unasema mama mkwe wako anabadilishwa goti mwezi ujao, akitoka hospitali atauguzwa kwako hapo Dodoma, na unataka kujua wiki za mwanzo nyumbani zinakuwaje kwa kuwa mimi nimeshazipitia. Halafu ukauliza lile hasa linalokutia hofu: umwache apumzike, au umhimize ainuke?

Umhimize ainuke. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, ili maelezo uwe nayo na wifi yako naye ayasome.

Uelewe kwanza atakachofanyiwa. Goti lake limesagika, mfupa unagusana na mfupa. Daktari atakata tabaka jembamba kwenye ncha za mfupa wa paja na wa muundi, azivike chuma, na katikati aweke plastiki ngumu inayoteleza. Watu wakisikia "kubadilishwa goti" hudhani limeng'olewa zima likawekwa jingine. Sivyo. Misuli ni ile ile na kano za pembeni ni zile zile. Chuma hakisubiri kuunga kama mfupa uliovunjika, ndiyo maana wagonjwa wengi husimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Kinachotaka muda ni nyama iliyopasuliwa, na nyama inapopona hujikaza. Kovu haliko juu ya ngozi peke yake, liko na ndani, na goti ambalo halikunjwi wala kunyooshwa katika wiki hizo hukakamaa. Likikakamaa sana, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, apewe dawa ya usingizi, likunjwe kwa nguvu.

Hapo ndipo huruma yetu inapoweza kumponza. Utamkuta usiku amelala chali, uso umekunjamana kwa maumivu, na goti limeinuka kidogo kwa sababu likikunjwa kidogo ndivyo linavyopata nafuu. Moyo wako utakutuma umchomekee mto chini ya goti. Usifanye hivyo, mwanangu. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki linaning'inia hewani, lishuke lenyewe taratibu hadi linyooke. Linauma, nakubali, na dakika kumi zinaonekana ndefu. Lakini mguu usionyooka kabisa hufanya mtu achechemee, na paja hufanya kazi ngumu kila hatua. Wengi hushughulika na kukunja tu kwa sababu kukunja kunaonekana kwa macho. Kunyoosha ndiko kunakosahaulika, na mimi nasema kuna uzito sawa, kama si zaidi.

Kukunja nako kuna namna yake. Mkalishe ukingoni mwa kitanda au kwenye kiti kigumu, mguu uliopasuliwa umekanyaga kanga iliyokunjwa juu ya vigae. Avute kisigino nyuma taratibu, kanga iteleze nayo, hadi mahali goti linaposema basi. Pale asirudishe mara moja. Ahesabu hadi tano huku anapumua, asibane pumzi, kisha aachie. Akirudia atashangaa kisigino kimeingia ndani zaidi kidogo, labda upana wa kidole. Ndivyo mkunjo unavyokuja, kidole kwa kidole. Kwa kawaida wataalamu wa mazoezi tiba hutaka katika wiki mbili hivi za mwanzo goti lifike nyuzi 90, yaani kama mtu aliyekaa kitini vizuri, unyayo wote chini. Akichelewa kidogo msimtishe, ila msikose kliniki.

Akiwa amelala, apige nyayo juu na chini mara nyingi kila saa, ili damu isitulie miguuni. Akaze paja kwa kusukuma nyuma ya goti kwenye godoro. Na kila baada ya muda ainuke atembee na fremu, kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne, hadi sebuleni na kurudi. Safari fupi nyingi zinamfaa kuliko ndefu moja. Jioni mtazame uvimbe: ukiwa mkubwa kuliko jana, kesho mpunguze mwendo, si kuacha. Kumhimiza si kumtesa.

Dawa za maumivu azinywe kwa saa zake, asingoje maumivu yapande. Mazoezi yafanyike kama nusu saa baada ya dawa. Ukimfanyisha dawa ikiwa imekwisha mwilini ataliogopa zoezi hadi kesho yake. Kuna vidonge vikali vinavyoleta kizunguzungu na choo kigumu, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji visikosekane. Na tafadhali, mtu asimletee diklofenaki za duka la dawa eti zinamaliza maumivu haraka. Ana presha, na atakuwa na dawa ya kuzuia damu kuganda. Zikikutana zinaweza kumtoa damu tumboni na kuumiza figo. Chochote cha kuongeza, aulizwe daktari wake kwanza.

Barafu ni rafiki mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Zile barafu za mifuko zinazouzwa dukani zinatosha. Ifunge kwenye kanga, isiguse ngozi, wala kidonda kisilowe, ikae kama dakika 15 hadi 20 baada ya mazoezi, na mguu umeinuliwa juu kuliko moyo. Usishtuke ukiona damu imevilia, mabaka ya zambarau yameshuka mpaka kifundoni. Hata joto la goti na uvimbe huchukua miezi kuisha. Na upande wa nje wa kovu ngozi hufa ganzi. Mimi mpaka leo nikipapasa pale nasikia kama naigusa kwa juu ya nguo, na sina shida nayo.

Sasa nikuambie kuhusu kukandwa, maana hapo najua mtagombana na wazee. Atakuja shangazi na sufuria la maji ya moto na mafuta ya nyonyo, na atakuwa na nia njema kabisa, kwa sababu kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua hukandwa na mwenye mguu unaouma hukandwa. Mpokee kwa heshima, mpe kiti, lakini maji ya moto yasifike kwenye goti lile. Joto linaongeza uvimbe na kidonda kibichi hakitaki majimaji. La hatari zaidi ni kusugua shavu la mguu. Baada ya upasuaji huu damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na bonge likibanduka likaenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa. Kwa hiyo shavu la mguu likivimba na kuuma kwa namna mpya, likiwa jekundu au la moto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi ghafla, au kifua kikamchoma, au akakohoa damu, hata kama ni saa nane za usiku, tafuta gari. Vilevile kidonda kikitoa usaha au maji yasiyokauka, homa ikipanda, au maumivu yakazidi baada ya kuwa yameanza kupungua, msimpe antibayotiki za kubahatisha nyumbani. Kidudu kikikaa kwenye chuma hakitoki kirahisi. Nyuzi au pini zenyewe kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Watakaoleta supu ya kongoro na bamia kwa ajili ya ute wa goti, wapokee pia. Supu ni chakula kizuri kwa mgonjwa, ila hakuna bamia itakayofanya kazi ya zoezi.

Nyumba yako naijua. Zulia la sebuleni likunje uliweke mbali, na waya wa televisheni upite ukutani. Watoto wakusanye vitu vyao kabla ya Magharibi, kwa sababu gizani ndipo watu huanguka. Makochi yenu ni ya chini mno. Hapo akikaa hatoki bila kuvutwa mkono, na kumvuta mkono ni kumyumbisha. Mpe kiti kirefu chenye mikono, asukume kwa mikono yake mwenyewe. Kandambili azisahau kwa sasa, avae viatu vilivyofunga kisigino. Kwa zile ngazi za barazani afundishwe hivi: kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize uliopasuliwa. Alirudie kwa mdomo mpaka limkae.

Choo ndicho kikubwa kuliko vyote hivi. Chenu cha nje ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa hawezi. Akilazimika atajibana, atapunguza kunywa maji, na taabu itaanzia hapo. Fundi seremala anaweza kukutengenezea kiti imara chenye tundu, cha kuwekwa juu ya choo, kisicheze hata kidogo, na aweke chuma cha kushikilia ukutani. Bafuni awe na kiti pia, na ndoo iwekwe juu ya kigoda asiiname. Kuhusu sala, aswali amekaa kitini. Ruhusa hiyo ipo, na asijihisi amepungukiwa.

Hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza ila nalisikia katika sauti yako. Yeye ni mkweo. Mama yule ana haya, na hatakuita wewe umpeleke chooni wala umwogeshe. Ataumia kimya kimya akungoje ulale. Basi wiki mbili za mwanzo omba wifi yako aje akae. Mtu na binti yake hawana la kufichana. Wewe ushike dawa, chakula, kliniki na wageni, ambayo si kazi ndogo. Na mwanao mkubwa alale chumba kimoja na bibi yake. Mjukuu na bibi wana utani wao, atamwamsha kwa kelele za "bibi, twende mwendo", atamhesabia tano zake, na yeye hatamkatalia kama atakavyokukatalia wewe. Kwangu mimi alikuwa ni mdogo wako aliyekuwa akinisimamia, na nilimchukia kweli saa zile za mazoezi. Leo nikishuka kwenye daladala bila kushikwa namwombea dua.

Usiku utakuwa mgumu. Atalala vipande vipande, na kwa mtu aliyezoea kulala ubavu, kulala chali ni adhabu. Anaweza kulala kwa ubavu ule mzima akipenda, na mto uwe katikati ya miguu miwili, kwa urefu. Na kama wiki ya tatu hivi, wageni wameshaacha kuja na kila mtu amerudi kazini, moyo wake unaweza kushuka. Mimi nililia, nikajiuliza nilikubali ya nini, goti langu bovu lilikuwa angalau langu. Akikuambia hivyo usimjibu "mama, mshukuru Mungu". Kaa naye. Mwonyeshe kisigino kilipofika kwenye kigae leo na kilipokuwa wiki iliyopita. Hicho atakiamini, kwa sababu anakiona.

Kuendesha gari hatauliza. Lakini atauliza lini ataacha fremu, na wengi hufikia kwenye mkongojo mmoja ndani ya wiki kadhaa, wengine baadaye kidogo. Mtaalamu wa mazoezi ndiye wa kusema, wala msimlinganishe na jirani. Na popote hospitali yake itakapoelekeza tofauti na haya yangu, fuateni yao, wao ndio waliomwona ndani ya goti.

Fremu yangu ipo stoo, haina kutu. Inapanda na kushuka kwa vitufe vya miguuni. Mpime mama akiwa amesimama wima na viatu, mikono imening'inia, kutoka chini hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono wake, unitumie kipimo hicho. Nitairekebisha na kuipakia basi la Dodoma Jumamosi, na kile kiti changu cha bafuni nacho.

Msalimie sana mkwe wangu, mwambie namwombea kheri. Wajukuu uwabusu.

Mama yako,
Tanga