Wakulima kumi hewa kwenye pepa yangu

Mnalikumbuka lile sakata la watumishi hewa la mwaka 2016, majina yanapokea mshahara wenyewe hawapo? Basi na mimi ninao wa kwangu, wakulima hewa kumi, wako kwenye pepa yangu ya kwanza ya utafiti, jedwali la pili, na wamo humo mpaka leo. Naandika hii kwa sababu haupiti mwezi bila mdogo wangu mmoja aliyemaliza masters kuniuliza, kaka nipablishi wapi haraka, na kilichoniponza mimi ni hiyo hiyo haraka.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kawaida tu, wakulima wanahifadhije mahindi, nani bado ana kihenge, nani anatumia viroba na dawa ya unga, nani ameshahamia kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Nilifuata taratibu zote, barua ya chuo, nikaenda kwa RAS, yaani katibu tawala wa mkoa, nikashuka kwa mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, kila mmoja na muhuri wake, na kila mkulima alisaini fomu ya kukubali au akaweka dole gumba, fomu 212 nilizihesabu mwenyewe na ninazo mpaka leo kwenye boksi la sabuni. Tatizo lilikuja kwenye kuingiza data. Tuligawana madodoso na rafiki yangu tumalize mapema, sasa kuna furushi moja la madodoso kumi ya kijiji kimoja sote wawili tukaliingiza, na Excel haina kelele, ukiiwekea mtu mara mbili inampokea mara mbili. Kwa hiyo juu kwenye maelezo ya utafiti nimeandika wakulima 212, chini kwenye jedwali kihenge 63, viroba 98, mifuko 61. Jumlisha mwenyewe.

Mtoto wa darasa la tano angeliona. Mhakiki, yaani msomaji wa fani anayeipitia pepa kabla haijachapishwa, angeliona kabla hajamaliza chai. Ila pepa yangu haikupita kwa msomaji yeyote, ilipita kwa mtu wa kupokea hela.

Imeli ya jarida ilikuja jioni, inaniita Mheshimiwa Profesa, mimi ambaye hata joho la masters nilikuwa sijavaa, eti wamesoma kazi zangu nyingi wamevutiwa sana. Kazi gani sasa, sikuwa na hata moja! Lakini si unajua ukiitwa profesa mara ya kwanza akili inalegea kidogo. Nikatuma, siku ya nne jibu likaja imekubaliwa, maoni ya wahakiki yalikuwa mstari mmoja tu, rekebisha nafasi kati ya maneno kwenye kichwa cha habari. Nikarekebisha nafasi. Dola 120 nikakopa kwa dada yangu kwenye hela yake ya kikoba, nikalipa, wiki haijaisha niko mtandaoni, nikaposti kwenye grupu la darasa watu wakanipa hongera.

Kingine ni majina. Tulitoka kwenye ile pepa watu watano. Mimi niliyekaa kijijini wiki sita, rafiki yangu wa data, msimamizi wangu ambaye kwa haki kabisa alinisaidia kutengeneza dodoso, halafu wawili ambao msimamizi aliniambia niwaongeze, mmoja anahitaji pointi za kupanda cheo na mwingine sikuambiwa hata sababu, na wala sikuuliza, utamuuliza nini mtu ambaye ndiye anasaini ripoti yako. Hao wawili nina uhakika hawakuwahi kuifungua.

Miaka miwili ikapita. Siku moja napokea simu, binti anasoma chuo kingine, namba yangu kaipata kwa mwalimu wake. Shikamoo kaka, samahani, nimejumlisha jedwali la pili mara tatu napata 222, labda mimi ndio sielewi? Alikuwa mpole kweli, anajilaumu yeye. Nilimwambia nitampigia, nikalala sijampigia, usiku nikatoa lile boksi nikaanza kulinganisha fomu moja moja na Excel, saa nane usiku nikalikuta furushi lenyewe. Asubuhi nikampigia, nikamwambia uko sahihi dada, kosa ni langu.

Sasa hapa ndio nataka usome taratibu, maana kosa kwenye utafiti sio dhambi, watu wanakosea, na majarida ya kweli yana njia ya kulishughulikia. Kuna COPE, chombo kilichoanzishwa na wahariri kule Uingereza mwaka 1997, kina miongozo ya hatua kwa hatua, kosa dogo unaandikiwa sahihisho linalounganishwa na pepa, kosa linaloharibu majibu yote pepa inaondolewa hadharani na sababu inaandikwa, na kosa la bahati mbaya linatofautishwa na udanganyifu. Mimi nikaandika kwa jarida langu nikaeleza kila kitu na nikaambatanisha jedwali jipya. Jibu likaja siku hiyo hiyo, na lilikuwa ankara, dola 350, gharama ya kuondoa makala. Sijaomba kuondoa, nimeomba kusahihisha! Nikaandika tena, ankara ile ile.

Nikawatafuta wenzangu watano, samahani wanne, tuandike barua ya pamoja. Rafiki wa data akakubali, msimamizi akasema achana nayo hiyo nani anasoma, wale wawili kimya, tiki za bluu tu. Siku ya hongera tulikuwa watano.

Ndio nikaja kusoma masharti ya ICMJE, wale wahariri wa majarida ya tiba walioanza kukutana Vancouver mwaka 1978, wanasema ili uitwe mwandishi lazima yatimie mambo manne yote, umechangia kwa kweli kwenye wazo au data au uchambuzi, umeandika au umeihariri kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na umekubali kuwajibika kwa kazi nzima. La nne ndio lenyewe. Aliyetoa gari, aliyetoa ofisi, bosi wa idara, anashukuriwa mwishoni, inatosha, na hata ChatGPT, COPE walishasema mwaka 2023 kwamba haiwezi kuwa mwandishi kwa sababu hiyo hiyo, haiwezi kuwajibika. Kwa hiyo mdogo wangu, mazungumzo ya nani ni mwandishi na nani anatangulia yafanye kabla ya kwenda field, sio siku ya kutuma, siku ya kutuma huna nguvu tena. Na yaandike, hata kwa imeli fupi, "kama tulivyokubaliana". Najua kumkatalia msimamizi ni ngumu, mimi mwenyewe nilishindwa, lakini unaweza kumtumia kila jina pepa nzima ukaomba asome ajibu kwa maandishi kwamba ameidhinisha, wasiohusika wengi wanachujika hapo wenyewe.

Kuhusu jarida, usidanganyike na tovuti nzuri. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga utafiti wa uongo wa dawa ya kansa, umejaa makosa ya wazi, akaweka waandishi wa kubuni na vyuo vya kubuni vya Afrika, akatuma kwa majarida 304 yanayotoza waandishi ada na zaidi ya nusu yakaukubali, yeye akayaanika kwenye jarida la Science. Na mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya India ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti, kuficha ada na kudai pepa zinapitiwa wakati hazipitiwi. Kwa hiyo angalia kama jarida liko DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, AJOL wana majarida yetu mengi ambayo yanasomwa na watu wanaoyajua mahindi yetu, fungua pepa tatu za zamani uzisome, mwandikie mtu mmoja aliyewahi kuchapisha pale umuulize maoni ya wahakiki yalikuwa kurasa ngapi. Ada ikiwa kubwa omba msamaha wa ada kabla ya kutuma, wachapishaji wengi wakubwa wana utaratibu wa kuwasamehe au kuwapunguzia waandishi wa nchi kama zetu. Kukaa miezi sita bila jibu kunachosha, najua. Mimi ya siku nne nimekaa nayo miaka.

Na nikiri na hili, maana sitaki mnione malaika. Baada ya ile ankara ya pili nilibadilisha kichwa cha habari, nikaweka jedwali sahihi, nikaituma kwenye jarida zuri bila kuwaambia kwamba iliwahi kutoka. Mhariri akarudisha kwa mistari miwili, kazi hii imeshachapishwa, kwa heri. Hakunitukana wala hakuniripoti chuoni, na angeweza. Kama ningemwambia ukweli tangu mwanzo pengine tungeongea.

Nilichofanya mwishoni ni kupandisha data yote iliyosafishwa kwenye Zenodo, ghala la data la mtandaoni, bure kabisa na unapewa namba ya kudumu, majina ya wakulima nimeyatoa, na juu nimeandika kosa lilivyotokea na jedwali sahihi lenye watu 212. Kwenye CV ile pepa nimeifuta. Yule binti alipomaliza alinitumia thesis yake, kanukuu toleo la Zenodo, na kwenye tanbihi kaeleza kwa nini hakutumia lile lingine, bila kunitaja vibaya hata kidogo.

Jarida bado lipo. Wiki iliyopita wameniandikia tena, Mheshimiwa Profesa, wananialika niwe kwenye bodi ya wahariri.