Sikio safi, mbona linauma? Jibu kwa fundi cherehani

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31, niko Morogoro. Mwezi wa nne huu sikio la kulia linauma, linakuwa kama limeingia maji, na usiku linavuma. Nimepewa dawa za matone na antibayotiki za vidonge, nikimaliza dozi hali ni ileile. Daktari wa mwisho alilichungulia akasema sikio ni safi, nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao. Nikipiga miayo taya linalia "ko" upande huohuo, na asubuhi naamka mashavu yamechoka. Jirani ananiambia ning'oe jino la mwisho, mwingine anasema ninunue ile plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku. Nifuate lipi?

JIBU: Dada, kwa sasa usifuate lolote kati ya hayo mawili. Na matone yaache. Sikio lisilo na maambukizi haliponi kwa antibayotiki, hata ukibadilishiwa aina.

Mimi nalishuku taya. Weka ncha za vidole mbele ya masikio yote mawili, pembeni tu ya kile kinundu cha nyama kinachokinga tundu, kisha fungua kinywa polepole na ufunge. Utasikia mfupa unateleza chini ya kidole. Hicho ndicho kiungo cha taya, na ukuta wa mfupa unaokitenga na njia ya sikio ni mwembamba. Neva inayobeba maumivu ya kiungo hicho ndiyo inayohudumia pia sehemu ya njia ya sikio na kiwambo chake. Ni kama nyumba mbili zinazotumia luku moja: yuniti zikiisha, mita haikuambii ni nyumba ipi iliyowasha pasi. Ubongo nao hupokea maumivu ya taya ukadhani ni ya sikio. Hata ule msuli mdogo unaokaza kiwambo ndani ya sikio unaamrishwa na neva ileile ya misuli ya kutafunia, na inadhaniwa kuwa hii ni sababu mojawapo ya sikio kujihisi limeziba. Jaribu jambo moja: mvumo ukianza usiku, kaza meno kwa sekunde chache. Ukibadilika sauti, una dalili nyingine kwamba taya limo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1934 daktari wa masikio huko St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya sikio, mvumo na kuziba, akayahusisha na taya. Alidhani kupotea kwa magego kunalifanya taya lirudi nyuma na kuligandamiza sikio. Maelezo hayo yamekataliwa, ila alichokiona kwa wagonjwa wake bado tunakiona kliniki.

Ile "ko" inatokana na kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo. Kimesogea mbele kidogo, na unapoachama mfupa unakirukia na kukikalia tena. Watu wengi wana mlio huo maisha yao yote bila maumivu, na mlio peke yake hautibiwi. Kwa hiyo usilenge kuunyamazisha. Tena ukinyamaza ghafla na kinywa kikagoma kufunguka, usishangilie: kisahani kimekwama mbele, muone daktari wa meno mapema.

Sasa na mimi nikuulize: pini unaziweka wapi unapompima mteja? Mafundi wengi huzibana kwa meno ya mbele, na uzi wanaukata kwa meno hayohayo. Ili meno ya mbele yakutane hivyo lazima taya lisogee mbele na likae huko, misuli imekaza, siku nzima. Juu ya hapo kuna kukaza magego bila kujijua pale mshono unapokuwa mgumu. Tafuta kimto cha kuchomekea pini cha kuvaa mkononi na mkasi mdogo wa uzi. Kwa maoni yangu hivyo viwili vitakufaa kuliko dawa yoyote nitakayokuandikia.

Taya lililopumzika huwa hivi: midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umetulia juu nyuma ya meno ya mbele. Meno hukutana kwa kula na kumeza tu. Shona kipande cha kitambaa chekundu ukibandike kwenye kichwa cha cherehani; kila ukikiona, kagua meno yako yako wapi, kisha legeza mabega. Siku za mwanzo utashangaa mara ngapi unayakuta yamebanana.

Kwa wiki chache achana na jojo, muwa, mahindi ya kuchoma, barafu ya kutafuna na nyama ngumu. Kula wali, ndizi za kupika, maharage, samaki, ugali laini. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisiachame kupita kiasi. Jioni weka taulo lenye maji ya uvuguvugu shavuni na kwenye panja kwa dakika 15 hadi 20, halafu, ulimi ukiwa umegusa juu ya kinywa, fungua na ufunge polepole mara sita. Maumivu yakizidi, ibuprofeni baada ya chakula kwa siku chache inasaidia, isipokuwa kama una vidonda vya tumbo, tatizo la figo au ujauzito. Jipe wiki nne hadi sita. Wengi hupata nafuu hapo bila kuguswa na chuma.

Plastiki ya usiku ina nafasi yake, maana hayo mashavu ya asubuhi yananiambia huenda unasaga meno usingizini. Lakini iwe ngumu, itengenezwe kwa vipimo vya meno yako na ifunike meno yote ya taya moja. Zile laini za madukani baadhi ya watu huzitafuna usiku kucha wakaamka wameumia zaidi, na zinazofunika meno machache zinaweza kubadilisha namna meno yanavyokutana. Anayekuambia akupunguze meno kwa mashine ili taya likae sawa, mkatalie. Kwenye kiungo hiki haraka imegharimu watu: miaka ya 1980 Wamarekani wengi waliwekewa vipandikizi vyenye Teflon, vikamomonyoka na kuharibu mfupa, hadi vikaondolewa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa kuwa mvumo wako ni wa upande mmoja, pima usikivu kwa daktari wa masikio, pua na koo hata kama unasikia vizuri. Nenda haraka zaidi ukiona usaha, usikivu umepungua, kizunguzungu, uso kufa ganzi, mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo, homa na uvimbe, au kinywa kisichopitisha vidole viwili.

Na hilo jino la mwisho, likiwa limetoboka au fizi yake inavimba kila mara, ling'olewe kwa sababu hiyo. Kama ni zima, liache lilipo. Kuling'oa kungekulazimu kuachama kwa muda mrefu, na kiungo chako sasa hivi hakihimili hilo.