Umetoka ushago na una homa? Dai kipimo cha malaria

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia kwamba mumewe amerudi kutoka mazishini Busia, homa inampanda kila jioni, na duka la dawa limempa vidonge vya mafua. "Si Nairobi hakuna malaria?" akaniuliza. Nilimjibu usiku uleule: mpeleke akapimwe damu.

Ni kweli baridi ya Nairobi haimpendezi mbu wa malaria. Lakini vimelea husafiri ndani ya damu ya abiria. Mtu huumwa na mbu Siaya, akapanda basi akiwa mzima, kisha akaanza kutetemeka siku kumi au kumi na tano baadaye, akiwa kazini huku mjini.

Yalimpata binti yangu. Tulikuwa tumetoka kwa nyanya yake, Siaya, baada ya Krismasi. Kliniki ya mtaani ikamwandikia dawa za taifodi bila hata kumtoa tone la damu. "Daktari, tumetoka Siaya," nikasema. "Mama, niachie mimi kazi yangu," akanijibu bila kuinua macho. Nilimfunga mtoto mgongoni, mwili wake unawaka kupitia leso, nikaenda kliniki nyingine. Pale alidungwa kidoleni, damu ikawekwa kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, tukangoja. Mstari wa kwanza ulitokea, kisha wa pili. Malaria. Alipona, na najivunia kwamba sikunyamaza. Lakini jibu lile bado linaniuma.

Ndugu zangu, pimeni. Msione haya kudai kipimo. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, asilimia 95 hivi wakiwa Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Nanyi mliokulia kando ya ziwa, msijisifu eti mmeizoea. Kinga hiyo hupungua ukikaa mjini miaka mingi, na mtoto aliyezaliwa Nairobi hana kabisa. Kwa hiyo taja safari yako kabla hujaulizwa, kisha pimwa.

Ugonjwa huu unashindika. Cabo Verde na Misri zilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa hazina malaria mwaka 2024. Sisi, pamoja na Ghana na Malawi, tulianza kuwachanja watoto 2019, huku kwetu ikianzia kaunti za magharibi. Kama una mtoto mchanga ushago, hakikisha anamaliza dozi zote za chanjo, na chanjo isiwafanye mkunje neti.

Na ukiandikiwa AL, ile dawa ya kutibu malaria, ni mara sita ndani ya siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Homa ikishuka siku ya pili, usimwekee jirani vidonge vilivyobaki. Meza vyote.