Msasa wa maji na polishi kwenye gari jeusi: jibu kutoka kwa aliyeharibu boneti yake

Ndugu yangu, umeeleza kuwa gari lako jeusi lililopuliziwa rangi upya limetoka na vinundu kama ganda la chungwa, na kwamba fundi anataka kulisugua kwa msasa namba 800 kisha alipige polishi. Vinundu hivyo huondoka kwa msasa wa maji, lakini namba 800 ni ya kuandalia uso unaokwenda kupuliziwa tena. Mikwaruzo yake huingia ndani mno, na polishi itakayoifuta itakuwa imekula klia nyingi, yaani lile tabaka angavu la juu linaloifunika rangi.

Mimi si fundi rangi. Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu mara tatu kwenye Toyota Mark II ninayoitumia, na mara ya kwanza niliharibu boneti. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba msasa na polishi vyote hupunguza, wala hakuna kinachoongezwa. Klia ya kiwandani huwa na unene wa maikroni 40 hadi 60 hivi, karibu nusu ya karatasi ya kuchapishia, na kile kipimo cha kawaida cha unene wa rangi hujumlisha tabaka zote kuanzia kwenye bati, kwa hiyo hakiwezi kukuambia klia peke yake ni kiasi gani. Basi muulize fundi amepuliza klia mikono mingapi, yaani amerudia mara ngapi. Ikiwa ni mmoja, vumilia vinundu.

Sasa naanzia namba 1500, kisha 2000, na kumalizia 3000; namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Msasa naulowesha ndani ya ndoo kwa dakika kumi na tano, maji yakiwa na matone machache ya sabuni ya vyombo, na nauzungushia kibao cha raba, kwa sababu vidole vitupu huchimba vijifereji ambavyo utaviona siku gari litakaposimama chini ya taa ya barabarani. Gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Baada ya kusugua kidogo, futa maji yote na utazame kwa kuinamia pembeni: palipofikiwa na msasa pamefifia kama kioo chenye mvuke, na mashimo kati ya vinundu bado yanameta kama vitone. Vitone vikibaki vichache sana, acha. Tamaa ya kumaliza vyote ndiyo hutoboa klia.

Tazama pia rangi ya tope. Likiwa jeupe kama maziwa, unakata klia. Likianza kuwa jeusi, umeshafika kwenye rangi yenyewe, na hapo hakuna polishi itakayokuokoa. Mimi nililiona tope jeusi kwenye ukingo wa boneti upande wa dereva, mahali upana wa kidole tu, na boneti nzima ikabidi ipuliziwe klia upya. Kingoni na kwenye mikunjo ya bati klia huwa nyembamba, na mkono nao hukandamiza zaidi bila mwenyewe kujua. Siku hizi kingo zote nazibandika tepu ya karatasi kabla ya kushika msasa, na tepu naiacha mpaka kazi ya mashine ya polishi ikaribie kwisha.

Kwenye mashine sina mengi. Kompaundi, yaani polishi kali inayokata mikwaruzo ya msasa, na pedi ya manyoya kwanza, kisha polishi laini na pedi ya sponji, mashine ikizunguka polepole na isitulie mahali pamoja, maana joto nalo huunguza klia. Hatua ya sponji usiiruke kwenye gari jeusi, kwani manyoya huacha mawimbi yanayoonekana juani.

Polishi nyingine zina mafuta yanayojaza mikwaruzo badala ya kuiondoa. Gari hung'aa siku ya kukabidhiwa, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu mikwaruzo hurudi. Kwa hiyo kabla hujalipa, pangusa sehemu ndogo ya boneti kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha umulike kwa tochi kutoka ubavuni.

Fundi aking'ang'ania namba 800, mwombe aanze na kipande cha kiganja kimoja kwenye mlango wa buti, akimalize mpaka polishi ya mwisho mbele yako, nawe ukipanguse kwa spiriti hiyo hiyo.