Usiende hospitali na hiyo fomu mkononi

Dada yangu wa Wete, simama hapo hapo. Umesema bi mkubwa wako aliambiwa mapokezi atie saini fomu ya bima kabla hajaonana na daktari, "huku kwengine tutajaza wenyewe", kisha kwenye nakala mkakuta utrasaundi na sindano ambazo hakupata. Umesema kadi yake wamebaki nayo "asihangaike kuja nayo kila mara". Na sasa unataka kwenda kwa meneja na hiyo nakala umuulize kulikoni. Usiende. Wachangiaji wote hapo juu waliokwambia "kaongeeni kiungwana, yatakwisha" wanakupeleka kule kule nilikopelekwa mie.

Baba yangu ana kisukari. Alikuwa akihudhuria hospitali moja ya binafsi kwa bima ya kazini kwa kaka yangu: kupimwa sukari, kuchukua dawa, basi. Anatia saini kwa herufi za Kiarabu kama wazee wengi waliosoma chuoni, na karani alishamzoea: "Mzee, weka hapa, kapumzike." Siku moja amerudi, ndani ya mfuko wa dawa mna nakala ya fomu, bila shaka waliitia kwa kukosea. Nikaisoma. Mstari wa juu kipimo cha sukari, sawa. Chini yake, kwa wino mwengine kabisa, kalazwa siku mbili, katiwa maji ya mshipa, kapigwa sindano. Na tarehe za kulazwa zimeangukia Ramadhani, siku ambazo tulifuturu naye jamvini nyumba nzima, uji wake nikimmiminia mie mwenyewe. Chini kabisa saini ya baba, ile ile, safi, haina shaka yoyote.

Basi akaja shemeji yetu mmoja, mtu wa ofisini, kila jambo la serikali na la bima anaulizwa yeye. "Msimharibie mtu kazi. Kazungumzeni ndani kwa ndani, muhali." Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake ya busara nafsi inanipanda. Karani anayeandika uongo anaonewa muhali, mzee aliyetumiliwa jina lake haonewi na mtu? Na shemeji huyo hakuwa anajua hata fomu ile ikitoka hospitali inakwenda wapi.

Tukaenda. Meneja akatupokea kwa bashasha, soda zikaletwa, akasikitika pamoja nasi, akaomba karatasi "aipige kopi". Akatoka nayo. Aliporudi hakuwa nayo mkononi, akasema itabaki kwenye faili ili uchunguzi uanze. Sikuwa nimeipiga picha. Tuliporudi kuulizia, nakala hakuna aliyewahi kuiona. Na wakaguzi wa bima walipokuja hatimaye, faili lilikuwa limekamilika: nambari ya kitanda, joto la mwili asubuhi na jioni, jina la muuguzi wa zamu, saini ya baba chini. Sisi tulikuwa na maneno matupu. Wakamuuliza baba mbele ya watu, "Mzee, una hakika hukulazwa? Hujasahau?" Mtu mzima yule, hajapata kuitwa muongo maishani mwake. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Na pesa nazo zilikwenda. Watu wanadhani wizi huu unaliumiza shirika tu. Bima ile ilikuwa na kikomo cha mwaka kwa kila mwanachama, na kila uongo ulioandikwa ulikatwa kwenye fungu la baba. Alipotakiwa kutolewa mtoto wa jicho, fungu limekwisha. Tukalipa kwa pesa za karafuu za msimu ule, zilizokuwa zimetengwa kuezekea nyumba. Juu ya hayo, kwenye kumbukumbu zake za matibabu yamebaki maradhi ambayo hajapata kuyaugua, na daktari mwengine akiyasoma ndiyo anayoanza kuyatibu.

Kwa hivyo nishike hapa, hata kama mengine yote utayaacha: karatasi uihifadhi kwanza, taarifa uipeleke kwa anayelipa, yaani bima, na hospitali waisikie kutoka kwa wakaguzi, si kutoka kwako. Sababu ni hii. Mkaguzi akiingia bila ya wao kujua, anaiweka fomu pembeni ya daftari la wodi, daftari la maabara, orodha ya zamu na hesabu ya dawa za stoo. Sindano iliyodaiwa lakini haikutoka stoo inaonekana. Utrasaundi iliyodaiwa bila ya kuandikwa kwenye chumba cha vipimo inaonekana. Lakini madaftari hayo yanasema kweli mpaka pale tu mtu atakapoonywa. Ukienda kwa meneja, unampa muda wa kuyaandika upya.

Piga picha nakala pande zote mbili, mtumie na ndugu yako kwa WhatsApp ili isikae kwenye simu moja. Toa fotokopi, ile yenyewe usimkabidhi mtu bila ya kusaini kwamba kaipokea. Kisha andika barua fupi: jina la bi mkubwa na nambari ya uanachama, tarehe aliyokwenda, huduma alizopata kweli, huduma zilizoandikwa bila ya kuzipata, na nani alifuatana naye. Usiandike "wezi". Pengine karani kachanganya fomu za wagonjwa wawili, hilo waliamue wakaguzi. Wewe eleza ulichokiona. Kama kadi ni ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ule wa sheria ya 2023, barua ni ya Mfuko. Kama ni ya kampuni, ni ya kampuni. Nenda na nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila ya muhuri, kesho utaambiwa hukufika. Na akitokea mtu kukupa chochote unyamaze, au ukiona aliye ndani ya bima anawalinda, hapo ni ZAECA, hiyo ndiyo mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi.

Unaogopa bi mkubwa ataonekana mshirika kwa kuwa katia saini. Andika hilo hilo kwenye barua: alitia saini fomu ikiwa tupu, kwa kuambiwa na mapokezi. Akisema mwenyewe mapema yeye ni shahidi. Akisubiri mpaka wakaguzi waikute saini yake, atakuwa anajieleza.

Kadi usiiache kule hata usiku mmoja. Kila siku inayolala kwao wanaweza kuifungulia mgonjwa asiyekuwepo. Mtume mtu akaichukue leo, aseme anaihitaji, hana haja ya kutoa sababu, na asiseme neno juu ya fomu.

Na tafadhali futa jina la hospitali kwenye uzi wako, nao wanasoma humu. Kesho ni Ijumaa, ofisi zitafungwa mapema kwa sala, kwa hivyo barua uiandike usiku huu na asubuhi uwe mlangoni.